Mugunga: Kipuri kipya kisipokaa sawa, vumbi la volkano hupata njia ya kuingia kwenye injini

GOMA – Mwenye Land Cruiser ya miaka ya 1970 anapofungiwa manifoldi mpya, hutegemea injini itulie. Mara nyingi hupata kinyume chake: injini inatetemeka gari likiwa limesimama, inazima kwenye foleni, inakula mafuta kupita kawaida na breki zinakuwa nzito. Kipuri ni kipya na kimelipiwa, lakini hakikai mahali pake.

Kwa magari yanayofanya kazi Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma, hitilafu hiyo ina hatari yake ya pekee. Pengo jembamba kama karatasi tatu zilizopangwa pamoja linatosha kuvuta vumbi la mawe ya volkano hadi ndani ya silinda, bila kupita kwenye chujio la hewa. Injini ambayo ingedumu miaka huchakaa mapema, na pesa iliyookolewa kwa kununua kipuri cha bei nafuu huishia kulipia pistoni na ringi.

Manifoldi ya namna hiyo hailazimiki kutupwa. Mara nyingi inaweza kurekebishwa kwa vifaa vichache, mradi fundi apime kabla ya kushika tyubu ya gundi.

Ardhi ya lava, barabara ya vumbi

Mugunga iko kwenye barabara ya taifa namba 2, inayotoka Goma kuelekea Sake, umbali wa takriban km 25. Baada ya Sake, njia moja hupanda milima ya Masisi na nyingine hufuata Ziwa Kivu kuelekea Minova. Kwa miaka mingi maharage, viazi na jibini za Masisi zimeingia mjini kwa njia hiyo. Ndiyo njia ambayo pia imepitiwa na wakimbizi, tangu kambi kubwa ya Wanyarwanda ya mwaka 1994 hadi kambi za Wakongo waliohama makwao katika miaka iliyofuata.

Ardhi ya eneo lote ni lava iliyopoa. Volkano ya Nyamulagira ilipolipuka kati ya mwaka 1938 na 1940, lava yake ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake. Nyiragongo ilipasuka tarehe 17 Januari 2002, na lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Ikapasuka tena tarehe 22 Mei 2021.

Magurudumu yanayasaga mawe hayo kila siku. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, vumbi jeusi hutanda juu ya nguo, majani na vyakula vya sokoni. Ndani yake mna chembe za kioo cha volkano na madini magumu, ambazo zikifika kwenye silinda hukwaruza kuta zake kama msasa.

Chujio la hewa limewekwa kwa ajili hiyo. Injini ya lita 4.2 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ina uwezo wa kuvuta hadi lita 4,200 za hewa kila dakika. Hewa yote hiyo inatakiwa kupita kwenye chujio. Manifoldi inakaa baada ya chujio, kwa hiyo chochote kinachoingilia kwenye pengo lake huingia bila kuchujwa. Mwenye gari anaweza kubadilisha chujio kila mwezi, na injini bado ikawa inakula vumbi.

Wala kubadilisha gari zima si jambo jepesi. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa kundi la M23, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukaacha kazi. Katika hali kama hiyo gari lililopo ndilo gari, na kulitunza ni sawa na kutunza shamba.

Kwa nini kipuri cha kuiga hukataa kukaa

Manifoldi ya kuingizia hewa ni bomba lenye matawi. Juu yake hukaa kabureta, inayochanganya hewa na petroli. Matawi huugawa mchanganyiko huo kwa silinda zote. Anayesoma vitabu vya ufundi vya Kifaransa atalikuta kwa jina la collecteur.

Kwenye Land Cruiser za zamani kama FJ40, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, na FJ60, iliyotoka mwaka 1980, kazi hiyo ina ugumu wa ziada. Injini zake za petroli za silinda sita, hasa ile iitwayo 2F iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, zina manifoldi mbili upande mmoja: ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Zote mbili hutumia gasketi moja. Tena zimefungwa pamoja chini ya kabureta, ili joto la moshi lisaidie petroli kugeuka mvuke.

Maana yake ni kwamba kipuri kipya kinatakiwa kukubaliana na vitu viwili kwa wakati mmoja: kichwa cha injini na manifoldi ya moshi iliyozeeka, ambayo kwa miaka arobaini imekuwa ikipashwa moto na kupoa. Hata kipuri kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaweza kukataa ikiwa manifoldi ya moshi imejikunja.

Kuna pia kasoro za kipuri chenyewe. Kipuri cha kuiga hutengenezwa kwa kunakili kingine, na kila nakala huongeza tofauti ndogo. Uso wake unaweza kuwa haujanyooka. Matundu ya bolti yanaweza kuwa yamehama milimita moja au mbili. Njia za hewa zinaweza kuacha ukingo pale zinapokutana na njia za kichwa cha injini. Na ndani mnaweza kubaki mchanga wa kalibu ambamo kilimiminwa.

Kasoro inayosahaulika zaidi ni unene wa masikio yanayoshikwa na bolti. Kwenye injini ya 2F, baadhi ya bolti zina washa nene zinazokanyaga manifoldi zote mbili kwa pamoja. Sikio la moja likiwa nene kuliko la nyingine, washa hubana lile nene na kuliacha jembamba likielea. Fundi anakaza hadi mkono unauma, na bado upande mmoja unavuja.

Vipuri hivi huja Goma kwa njia nyingi. Kuna vinavyotoka Kampala, ambako Kisekka ni soko maarufu la vipuri vya magari, na vinavyotoka Dubai au Nairobi na kushuka kupitia Rwanda au Uganda. Mnunuzi wa mwisho yuko mbali na aliyekitengeneza, na kukirudisha hugharimu kuliko kukirekebisha. Ndiyo sababu kazi ya kukifanya kikae humwangukia fundi wa mtaani.

Injini inavyolalamika

Hewa inayoingia kwa wizi haipimwi na kabureta. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Silinda iliyo karibu na pengo hupata hewa nyingi mno, na mchanganyiko wake unakuwa mwepesi. Silinda za mbali hubaki kama kawaida.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Fundi anasikia injini inatetemeka, anafungua skrubu ya kabureta kuongeza petroli. Silinda yenye njaa inapata nafuu kidogo, lakini nyingine tano sasa zinapewa petroli kupita kiasi. Injini inatulia kwa siku mbili, moshi mweusi unaanza, na tenki linaisha haraka.

Plagi husema ukweli. Zikifunguliwa zote na kupangwa kwa mfuatano wa silinda, plagi moja au mbili zinaweza kuwa nyeupe na kavu huku nyingine zikiwa nyeusi kwa masizi. Tofauti ya namna hiyo haitoki kwenye kabureta moja inayolisha silinda zote. Huwa ni dalili ya hewa inayoingilia pembeni, ingawa plagi mbovu na vali zisizofunga nazo zichunguzwe.

Mwinuko wa Goma huongeza mkanganyiko. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kani ya hewa ni kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Mombasa au Dar es Salaam hutoa petroli nyingi mno ikifika Goma. Uvujaji mdogo unaweza hata kuonekana kama dawa, kwa kuwa unaongeza hewa mahali palipokuwa na petroli nyingi. Gari linakwenda vizuri kwa muda, huku vumbi likifanya kazi yake kimyakimya.

Anayetumia geji ya mvuto wa hewa naye ajihadhari. Vitabu vingi husema injini nzima, ikinguruma bila mzigo, huonyesha kati ya inchi 17 na 22 za zebaki. Kipimo hicho ni cha pwani. Hupungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo injini nzima ya Goma inaweza kuonyesha inchi 12 hadi 17 tu. Fundi asiyejua hilo ataifungua injini isiyo na kosa. Cha kutazama ni mshale: ukitulia, ni dalili njema, ukicheza au ukibaki chini ya kiwango hicho, upo uvujaji au tatizo jingine la kutafuta.

Jambo la mwisho ni breki. Kwenye magari yenye kisaidizi cha breki, mvuto wa hewa wa manifoldi ndio unaosaidia mguu wa dereva. Mvuto ukipungua, kanyagio linakuwa gumu. Kwenye tambarare ya Mugunga dereva anaweza kuvumilia. Akiwa anateremka kutoka Masisi na magunia ya viazi nyuma, ni suala la uhai.

Kutafuta pengo bila kuwasha moto

Kuna desturi ya kunyunyiza petroli kwenye maungio injini ikiwa inanguruma, kisha kusikiliza kama sauti inabadilika. Kwenye injini ambayo manifoldi ya moshi iko chini kabisa ya ile ya hewa, desturi hiyo ni kuchezea moto. Petroli inadondokea chuma chenye joto kali, na mtaani mara nyingi kuna dumu la mafuta karibu, lililonunuliwa kwa wauzaji wa kando ya barabara ambao watu wa Goma huwaita Kadhafi.

Maji hufanya kazi hiyo hiyo. Chupa ya kunyunyizia na maji safi kidogo yanatosha. Fundi hunyunyiza kwa matone, tawi moja baada ya jingine, kuanzia chini ya kabureta. Maji yakifika kwenye pengo huvutwa ndani na kuliziba kwa muda mfupi. Mlio wa injini hubadilika au sauti ya kufyonza hukatika. Ajiepushe kuyamwaga kwa wingi kwenye manifoldi ya moshi yenye moto, kwani chuma cha kusubu kinaweza kupasuka.

Njia nyingine ni mpira mwembamba: ncha moja sikioni, nyingine ikipitishwa polepole kwenye maungio. Mlio wa kufyonza husikika wazi pale penye pengo.

Kabla ya kuilaumu manifoldi, mipira yote inayotoka kwake ikaguliwe, hasa ule wa kisaidizi cha breki, pamoja na gasketi iliyo chini ya kabureta. Mpira uliopasuka huleta dalili zile zile, na kuubadilisha ni kazi ya dakika kumi.

Kupima kabla ya kusugua

Uvujaji ukithibitika kwenye manifoldi, injini iachwe ipoe kabisa. Nati za zamani zilowekwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, kwa kuwa stadi ikikatikia ndani ya kichwa cha injini, kazi ya asubuhi moja hugeuka ya siku tatu.

Manifoldi ya zamani isitupwe wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hata ikiwa imepasuka, bado ni kipimo: inaonyesha unene wa masikio, nafasi za matundu na pembe ya kukalia kabureta.

Baada ya nyuso zote kusafishwa, huwekwa rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi, kwa urefu na kwa mshazari, na mwanga ukamulikwa nyuma yake. Mwanga ukipita, pengo hupimwa kwa geji ya majani. Asiye na geji anaweza kuanza na karatasi ya kawaida ya kuandikia, yenye unene wa takriban mm 0.1. Karatasi moja ikipita kwa shida, gasketi nzuri inaweza kumeza tofauti hiyo. Tatu zikipita, kazi ya kusawazisha ipo.

Pengo la mm 0.3 linaonekana dogo. Lakini likiendelea kwa urefu wa sentimita tano, eneo lake ni milimita za mraba 15, sawa na tundu la duara lenye upana wa zaidi ya mm 4. Hakuna mwenye gari angekubali kutobolewa tundu la msumari baada ya chujio la hewa. Pengo la urefu huo linavuta vumbi kwa kiasi hicho hicho.

Kwa kupima njia za hewa, kipande cha katoni kinatosha. Hubandikwa kwenye kichwa cha injini, stadi zikapenya, na kingo za njia zikachorwa kwa kidole chenye masizi. Katoni hiyo hiyo ikiwekwa juu ya manifoldi mpya huonyesha mara moja ni njia ipi imehama, kwa kiasi gani na upande gani.

Kusawazisha manifoldi mbili kama kitu kimoja

Kosa la kawaida ni kusawazisha manifoldi mpya peke yake, kisha kuifunga kando ya ile ya moshi iliyopinda. Kila moja inaweza kuwa imenyooka kivyake, na bado nyuso mbili zisiwe kwenye usawa mmoja.

Njia inayofaa kwa injini za aina ya 2F ni kuziunganisha kwanza. Manifoldi mbili hufungwa pamoja kwa kulegea, gasketi ya katikati ikiwa mahali pake, kisha hupachikwa kwenye kichwa cha injini ili zijipange. Hapo ndipo bolti za kuziunganisha hukazwa. Baadaye zote hutolewa kama kitu kimoja na kupelekwa kwa mwenye mashine ya kusawazisha nyuso za vichwa vya injini. Mashine hupita juu ya zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Pasipo mashine, au umeme ukiwa haupo, kasoro ndogo hutibika kwa mkono. Karatasi ya msasa hubandikwa juu ya kioo kinene au kipande cha marumaru kilichonyooka, na uso wa manifoldi husuguliwa juu yake kwa mizunguko mipana. Kabla ya kuanza, uso hupakwa alama za kalamu au masizi yaliyochanganywa na mafuta. Pale alama zinapofutika ndipo palipoinuka. Zinapobaki ni bonde. Kazi huisha alama zikifutika kote. Aluminiamu husuguliwa haraka, chuma cha kusubu huchukua saa nyingi. Tupa itumike tu kwenye kilima kinachojulikana, kwa sababu mkono ukiyumba huzaa bonde jipya.

Matundu yaliyohama hupanuliwa kwa tupa ya mviringo, upande unaohitajika tu, na washa nene huwekwa juu ili bolti isizame. Ukingo wa njia ya hewa unaozuia mchanganyiko husagwa taratibu, fundi akiangalia unene wa ukuta uliobaki. Masikio yaliyozidi unene hupunguzwa, au mkereza hutengeneza washa zenye ngazi: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Kwa kazi hiyo kalipa ni muhimu kuliko nguvu za mkono.

Kisha manifoldi ioshwe ndani kwa brashi, maji ya moto na sabuni, ikaushwe na kupulizwa. Mchanga wa kalibu ulioachwa ndani, pamoja na unga wa msasa, utaishia kwenye silinda siku ya kwanza ya kuwasha, na hasara itakuwa ile ile iliyokuwa ikikimbiliwa.

Gundi haichukui nafasi ya usawa

Silikoni ndiyo dawa inayopendwa gereji nyingi, kwa kuwa ni rahisi na inaonekana imeziba. Kwenye manifoldi ya petroli ina udhaifu wa wazi. Aina nyingi huharibika zikiguswa na petroli mara kwa mara, na karibu na manifoldi ya moshi huungua. Vipande vyake vinavyokatika huvutwa ndani.

Kuna pia suala la kutanuka. Manifoldi ya aluminiamu yenye urefu wa sentimita 60, joto lake likipanda kwa nyuzi 80, hurefuka kwa karibu mm 1.1. Chuma cha kusubu hurefuka nusu ya hapo. Kila injini inapopata moto na kupoa, nyuso hizo husuguana kidogo. Gasketi nzuri huvumilia mwendo huo. Gundi iliyokauka huchanika.

Kubandika gasketi mbili ili kujaza pengo nako hakusaidii. Pengo lina upana tofauti kila mahali, na gasketi mbili zina unene sawa kote. Ya kukatwa kwa mkono kutoka karatasi ya gasketi inaweza kufaa upande wa hewa, ila upande wa moshi unahitaji inayostahimili moto.

Kukaza huanzia katikati na kwenda nje, kushoto na kulia kwa zamu, kwa raundi mbili au tatu. Kama manifoldi hazikusawazishwa pamoja, bolti zinazoziunganisha zenyewe ziachwe zimelegea mpaka zile za kichwa cha injini zimekaa, ndipo zikazwe mwisho. Fundi mwenye spana ya kipimo afuate kitabu cha injini. Asiye nayo akaze kwa mkono mmoja na spana fupi, kwa usawa. Baada ya injini kupata moto na kupoa usiku kucha, nati zote zipitiwe tena asubuhi, na kipimo cha maji kirudiwe. Hapo tu ndipo kabureta ipangwe upya.

Wakati wa kusema hapana

Zipo manifoldi zisizofaa kurekebishwa. Iliyo na ufa, yenye vitundu vinavyopitisha maji ukutani, au ambayo njia zake zimehama kiasi cha kuhitaji kusagwa hadi ukuta ubaki mwembamba, irudishwe au itafutiwe mbadala. Mara nyingi kipuri cha kiwanda kilichotumika, kilichotolewa kwenye gari lililokufa, hukaa vizuri kuliko kipya cha kuiga. Na ile ya zamani iliyopasuka inaweza kuchomelewa, mradi chuma cha kusubu kipashwe joto kwanza na kuachwa kipoe polepole. Kikipozwa haraka hupasuka kando ya mshono.

Linalobaki ni nani alipe. Dereva anadaiwa pesa ya siku na mwenye gari. Mwenye gari anaona kipuri kimenunuliwa tayari na hataki kusikia gharama nyingine. Fundi hulipwa kwa gari kutoka, si kwa saa alizosugua. Kwa mpangilio huo, tyubu ya silikoni hushinda kila mara, ingawa wote watatu watalipa injini ikifa: mmoja pesa, mwingine kazi, mwingine jina.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa manifoldi, ufa unazibwa kwa kuonyeshwa. Fundi anayemwita mwenye gari, akaweka rula mbele ya macho yake na kupitisha karatasi tatu kwenye pengo, ana hoja nzuri kuliko maneno mengi. Kukubaliana bei ya kusawazisha kabla manifoldi haijafungwa huepusha ugomvi wa baadaye.

Kazi ikiisha, kuna njia rahisi ya kujua kama ilifanywa sawasawa. Baada ya wiki chache za kutembea Mugunga na Sake, kabureta hufunguliwa na kitambaa cheupe kupitishwa ndani ya mdomo wa manifoldi, kisha kadiri mkono unavyofika kwenye matawi. Weusi laini wa mafuta na masizi si wa kuogopesha. Lakini uchafu ukisuguliwa kati ya vidole viwili na kukwaruza kama mchanga, hilo ni vumbi la barabarani. Ikiwa chujio ni zima na limekaa vizuri, pengo bado lipo, na injini inaendelea kusagwa.